Tuutendee Haki Udongo Mweusi Kabla ya Kuufunika kwa Plastiki

Katika mitaa inayokua kwa kasi kusini-mashariki mwa Nairobi, kuanzia Imara Daima hadi Syokimau, Mlolongo, Athi River na Kitengela, kapeti za kijani sasa zinauzwa pamoja na saruji, mabati na rangi. Ni nyasi bandia. Zamani tulizijua kwenye viwanja vya soka. Leo zinanunuliwa na familia zilizojinyima miaka mingi zikapata nyumba yenye uwanja mdogo nyuma ya jikoni, mita nne kwa tano hivi, uliozungukwa na kuta pande tatu. Familia hizo zimepanda nyasi zikakauka, zimemwaga kokoto zikamezwa na tope, na zimechoka kuwafungia watoto ndani kila mvua inaponyesha. Anapotokea muuzaji na kuahidi uwanja wa kijani usiotaka maji wala fyekeo, tena leo leo kabla ya jua kutua, ni vigumu kumkatalia.

Siwalaumu wanaonunua. Mtu aliyelipia nyumba kwa jasho ana haki ya kupata mahali safi pa kuanika nguo na mtoto kuchezea. Ninachopinga ni namna biashara hii inavyofanywa, kwa kuanzia juu na kusahau chini. Msimamo wangu ni huu: katika uwanja mdogo wenye udongo mgumu, kazi yenyewe iko kwenye udongo na maji. Kapeti iliyotandikwa bila kazi hiyo itaharibika. Na mwenye nyumba akishaifanya kazi hiyo inavyotakiwa, mara nyingi atakuta hana haja tena ya kapeti, kwa kuwa uwanja wake tayari unaweza kuotesha nyasi hai.

Tuanze na udongo. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na udongo wake umegawanyika kwa namna inayoonekana wazi. Magharibi na kaskazini, kuelekea Kikuyu na Kiambu, ardhi ina miteremko, maji hupata njia, na udongo ni mwekundu, rahisi kulimika. Mashariki na kusini ni tambarare za Athi. Huko maji hutuama, na kutuama huko kwa maelfu ya miaka kumezaa udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kila fundi wa Nairobi anaujua kwa jina la bleki kotoni. Ndugu zetu wa Usukumani na sehemu nyingine za Tanzania huuita udongo wa mbuga.

Mfinyanzi wa udongo huu hunyonya maji kati ya tabaka zake ukavimba. Jua likiwaka sana maji hutoka, udongo unasinyaa na kupasuka. Kiangazi kikikolea, nyufa zake huweza kuwa na upana wa sentimita kadhaa na kina cha karibu mita moja. Mvua za kwanza hupotelea ndani ya nyufa hizo. Baadaye nyufa hufumba, udongo hushiba, na kuanzia hapo maji karibu hayapiti tena. Hivyo kila mwaka, masika na vuli, ardhi hupanda na kushuka. Ndiyo sababu wahandisi huuondoa kabisa chini ya msingi wa nyumba mpaka wafikie mwamba au tabaka imara, na ndiyo sababu ukuta wa uzio uliojengwa juu yake kwa msingi mfupi hauchukui muda kupasuka.

Sasa fikiria kapeti imetandikwa juu ya ardhi ya namna hiyo, baada ya fundi kukwangua magugu, kumwaga mchanga kidogo na kusawazisha kwa ubao. Siku ya kwanza inapendeza sana. Kiangazi kinapokuja, udongo wa chini unasinyaa, mchanga unateremkia kwenye nyufa, na mabonde yanaanza kujitokeza. Pale vipande viwili vilipounganishwa kwa gundi, kiungo kinavutwa huku na huku mpaka kinaachia. Masika yakiingia, maji hupenya kwenye vitundu vya mgongo wa kapeti, hukutana na mfinyanzi ulioshiba, yakakaa hapo. Mkojo wa mbwa, chakula kilichomwagika na majani yaliyooza hukaa pamoja nayo, na harufu yake haiondoki kwa kufagia. Halafu ndago huchomoza. Yeyote aliyewahi kulima anaijua ndago: chipukizi lake lina ncha kali inayotoboa plastiki, na likishatoboa, huwezi kuling'oa bila kuifunua kapeti nzima.

Mafundi wazuri wanajua namna ya kuyaepuka haya. Kwanza wanachimba, si chini ya sentimita 15, na zaidi pale udongo ulipo laini. Wanatandika kitambaa cha kuchuja ili tope lisipande kuchanganyika na mawe. Juu yake wanaweka moramu au kokoto kwa tabaka, kila tabaka ikimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, kisha vumbi la machimbo la kusawazishia. Wanaweka ukingo wa mawe au zege pande zote ili tabaka hizo zisitawanyike. Uso wote wanauinamisha kutoka ukutani mwa nyumba, sentimita moja au mbili kwa kila mita. Kapeti inakuja mwisho, na baada yake mchanga wa silika unaofagiliwa katikati ya nyuzi ili zisimame na kapeti isipeperuke.

Hata hivyo, kuna kosa linaloweza kuiharibu kazi hiyo nzuri yote, na katika udongo mweusi kosa hilo ni kubwa kuliko mengine. Ukichimba shimo katika mfinyanzi usiopitisha maji na kulijaza mawe, umetengeneza karai. Maji ya uwanja wako yataingia humo, ya paa lako yataingia, na ya jirani aliye juu yako yatapenyeza kufuata mteremko. Yakikosa pa kutokea yatakaa chini ya kapeti wiki nzima, yakinyonywa taratibu na udongo ulio pembeni ya msingi wa nyumba. Upande mmoja wa msingi utavimba huku mwingine ukibaki mkavu. Nyumba iliyosimama vizuri kabla hujaipamba inaanza kupasuka kwenye pembe za madirisha. Maji hufuata mkondo, na usipoyachimbia mkondo yatajitafutia yenyewe, pengine chini ya kitanda chako. Kwa hiyo shimo hilo lazima liwe na bomba lenye matundu sehemu yake ya chini kabisa, na bomba hilo lazima liwe na mahali halali pa kumwagia maji.

Tufanye hesabu ya uwanja wa mita 20 za mraba. Kuchimba sentimita 15 ni kutoa mita 3 za ujazo za udongo. Ukishafumuliwa, udongo huongezeka, na huweza kukaribia mita 4 za ujazo. Kwa toroli la kawaida hizo ni safari zipatazo 60, na katika nyumba zilizoungana ukuta kwa ukuta, njia ya kutokea nyuma mara nyingi ni kupitia jikoni na sebuleni. Kila kilichotolewa kinarudishiwa moramu na mawe kwa njia ile ile. Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo, na hapo ndipo muuzaji wa kapeti rahisi anapopunguza. Mnunuzi haoni kilichopunguzwa, kwani kimefunikwa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo ninapouliza: ukishachimba sentimita 15 au 20, ukatoa udongo mweusi, ukaweka bomba la kutolea maji na ukainamisha uwanja kutoka ukutani, ni lazima ujaze plastiki? Safari zile zile za toroli zinaweza kuleta tabaka nyembamba ya kokoto chini, kitambaa cha kuchuja, na juu yake udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Panda ukoka hapo mwanzoni mwa mvua. Ukoka hustahimili kukanyagwa na watoto, hustahimili jua, na kiangazi kikizidi hugeuka rangi ya majani makavu kisha mvua ikirudi huchipua tena kutoka mizizini. Penye kivuli cha ukuta kwa sehemu ya siku, zile ambazo wauza miche huziita nyasi za Pemba, zenye majani mapana, huvumilia kuliko ukoka. Pale njia inapopita, panga vitofali vya kabro na kuacha nafasi kati yake maji yapenye. Huo ni uwanja unaotumika, na ukiharibika unarekebishwa kwa jembe na kipande cha nyasi cha jirani.

Najua jibu nitakalopewa: maji. Mitaa mingi ya upande huo huishi kwa mgao, kwa visima vya chumvichumvi au kwa maji ya bauza, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwaga maji aliyoyanunua juu ya nyasi huku akihitaji kupika. Hoja hiyo ni ya kweli, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Paa la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, humimina lita 1,200. Kwa sasa maji hayo yanaangukia katika ule ule uwanja wa mita 20 na kuugeuza tope, juu ya lita 400 ambazo uwanja umezipokea moja kwa moja kutoka angani. Yaani sehemu tatu kati ya nne za maji yanayotusumbua uani zinatoka juu ya paa. Yakusanye kwa mfereji na kuyaingiza katika tangi la lita 5,000, na hapo umeondoa chanzo kikuu cha tope, umeulinda msingi, na umepata akiba. Nyasi za uwanja huo zikipewa lita 400 kwa wiki, tangi hilo linazitosha kwa wiki 12, sehemu kubwa ya kiangazi kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa vuli. Mwenye haja kubwa zaidi ya maji ataziacha nyasi zikauke juu, naye atayatumia kuoshea nguo, na hajapoteza kitu.

Historia ya nyasi bandia yenyewe inatufundisha jambo. Mwaka 1965 mji wa Houston, Marekani, ulifungua Astrodome, uwanja mkubwa wa besiboli uliofunikwa paa lote. Ndani walipanda nyasi hai za jamii ile ile ya ukoka, na paa likawekwa vioo ili jua liingie. Mwangaza ukawaumiza macho wachezaji waliotakiwa kudaka mipira ya juu, vioo vikapakwa rangi, na nyasi zikafa. Mwaka 1966 wakatandika zulia la nailoni lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, na kutokana na uwanja huo likapewa jina la AstroTurf. Uvumbuzi huo ulipata umaarufu kwa kujibu tatizo halisi: mahali ambapo jua haliwezi kufika. Syokimau na Kitengela hazina upungufu wa jua. Tumechukua dawa ya ugonjwa wa mahali pengine na kuinywa bila kupima.

Na jua hilo lina matokeo yake. Nyasi hai hujipoza kwa kutoa mvuke, plastiki haiwezi. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah walipima joto la uwanja wao wa nyasi bandia, wakakuta uso wake una wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, wakati nyasi hai za karibu zilikuwa na nyuzi 26. Uwanja wa mita nne kwa tano uliozungukwa na kuta za mawe hauna upepo wa kupunguza joto hilo. Mtoto anayetambaa hapo saa nane mchana anatambaa juu ya kitu kinachoweza kumuunguza. Tena tuko karibu na ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ambako miale ya jua ni mikali na huila plastiki haraka. Nyuzi zisizotiwa dawa ya kutosha ya kuzikinga na jua hupauka, hukatika na kuwa unga. Unga huo hufuata maji ya mvua hadi mtaroni, na kutoka mtaroni hadi Mto Athi, unaopeleka maji yake Bahari ya Hindi kupitia Galana na Sabaki.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu iliyofikia hadi faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Mfuko mwembamba wa dukani ulikuwa na uzito wa gramu 5 hivi. Kapeti nzuri ya bustani hufikia kilo 2 kwa mita ya mraba. Uwanja mmoja wa mita 20, kwa hiyo, una plastiki ya kilo 40, uzito wa mifuko 8,000. Na plastiki yenyewe ni ya aina ngumu kurejelezwa, kwa kuwa nyuzi ni za namna moja, mgongo ni wa namna nyingine, na vyote vimegandishwa pamoja kwa mpira au gundi. Miaka kumi au kumi na mitano ikipita, hata iliyowekwa vizuri itang'olewa. Itakwenda wapi? Jaa la taka la Dandora limejaa tangu zamani. Ulaya, ambako biashara hii imetangulia, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kuziondoa sokoni chembe za mpira zinazomwagwa kwenye viwanja vya michezo vya aina hii, na kuvipa viwanja muda wa miaka 8 kubadilika. Nchini Uingereza, shirika la kilimo cha bustani la RHS limezikataza nyasi bandia katika maonyesho yake. Sisi tungali mwanzoni, na bado tunaweza kuchagua.

Sidai kwamba nyasi bandia hazina mahali pake. Zinafaa juu ya paa la zege ambako watoto wa ghorofani hawana pengine pa kuchezea. Zinafaa kwenye korido yenye kivuli siku nzima, kati ya nyumba mbili ndefu, ambako hata nyasi za Pemba hazitashika. Mzee anayetembelea mkongojo au mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kunufaika na uso uliosawazishwa na kushindiliwa vizuri. Viwanja vya umma vinavyochezewa kutwa kucha, kama Nyamagana jijini Mwanza, vina hoja yao. Ninachokataa ni kuifanya kapeti kuwa jibu la kwanza kwa kila kiuga chenye udongo mweusi, kana kwamba udongo ni aibu ya kufichwa.

Udongo mweusi si taka. Mpunga wa Mwea unaoliwa kote nchini huota juu ya udongo wa aina hii. Una rutuba nyingi. Tatizo lake ni maji, yakizidi na yakipungua. Ukiuchimba uani kwako usiulipie lori likautupe kando ya mto usiku. Uchanganye na mboji na majani makavu, uujaze katika matuta yaliyoinuliwa kwa mawe au mbao kando ya ukuta wa uzio, mbali na ukuta wa nyumba, upande managu, sukuma wiki na dania. Kadiri unavyouongezea mboji kila msimu ndivyo unavyolegea na kupitisha hewa. Kuna wanaochanganya chokaa ardhini kama wafanyavyo wajenzi wa barabara ili mfinyanzi usivimbe. Njia hiyo inafanya kazi chini ya barabara, lakini ujue kwamba udongo ulioshibishwa chokaa hautakuoteshea kitu kwa muda mrefu. Kabla ya kumruhusu fundi aimwage, amua unataka sakafu au unataka bustani.

Kwa wale wenye mamlaka nina maombi matatu. Kaunti za Nairobi, Machakos na Kajiado, zinazopitisha michoro ya nyumba, zidai mchoro uonyeshe maji ya paa na ya uwanja yanakwenda wapi, na zikague kabla ya watu kuhamia. Wajenzi wa mitaa waache kumkabidhi mnunuzi uwanja uliojazwa vifusi na kufunikwa kwa udongo wa kiganja kimoja. Uwanja ni sehemu ya nyumba aliyoilipia. Na wauzaji wa kapeti waandike katika hati ya bei kina cha kuchimba, tabaka zitakazowekwa, mwinamo na mahali pa kutokea maji, kila kimoja na gharama yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeleta bidhaa sokoni awajibike hata bidhaa hiyo inapogeuka taka. Basi anayetuuzia kilo 40 za plastiki leo atuambie leo ni nani atakayezichukua zikichakaa.

Nawe msomaji unayepanga kuutengeneza uwanja wako, kabla ya kumlipa mtu yeyote chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji jioni udongo ukiwa umeshiba mvua na nyufa zimefumba, ulitazame asubuhi. Maji yakiwa yameisha, una bahati; panda nyasi. Yakiwa bado yamo, jua kwamba fedha zako za kwanza ziende kwenye mfereji wa paa, za pili kwenye tangi, na za tatu kwenye bomba la kutolea maji uani. Zikibaki za nne, nunua udongo mwekundu na samadi. Kapeti iwe ya mwisho kabisa katika orodha hiyo, na fundi anayeanza nayo si wa kupewa kazi.